Vidonge, Ukwaju na Mguu Wangu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto upo. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe unayesoma huenda mguu wako uko juu ya kigoda sasa hivi, umevimba, una vitundu, na kila anayebisha hodi anausalimu mguu kwanza ndipo akusalimu wewe. Pole, ndugu yangu. Mimi nilisalimiwa mguu miaka minne. Soma taratibu, usirukeruke, maana kuna ujinga mmoja niliufanya katikati ya matibabu ambao nusura uniachie gongo la kutembelea, na sitaki uurudie.

Mimi ni mkulima wa Tingi, Kilwa. Ufuta, mihogo na mikorosho michache ya marehemu baba. Mwiba ulinichoma wakati wa palizi, ufuta ukiwa magotini, nami peku kama tulivyo wengi shambani. Nikauchokoa kwa pini, nikapaka mate, nikaendelea na jembe. Nani huweka kumbukumbu ya mwiba? Msimu uliofuata nikaona kinundu chini ya unyayo, ukubwa wa punje ya korosho. Hakikuuma. Hapo ndipo ugonjwa huu ulipo mnafiki. Jipu likiuma utakwenda hospitali hata kwa magoti. Hiki kilikaa kimya kinakula, nami nacheka nacho.

Mavuno mawili yakapita. Kinundu kikawa ngumi, ndala zikanikataa, kisha vitundu vikafunguka vikatoa maji, na ndani ya maji punje nyeusi, ndogo, ngumu, kama ufuta mweusi kabisa. Niliokota moja nikaisugua vidoleni nisiamini. Mkulima wa ufuta anavuna mguuni! Nililia siku hiyo mpaka kanga ikalowa.

Mama mkwe wangu, Bibi Mwanahawa, hakuhitaji daktari. "Huyu amekanyaga kitu," alisema, akautupia jicho mlango wa Somoe.

Somoe alikuwa mke mwenzangu. Mume wetu, nitakayemwita Baba Mariamu kwa jina la binti yangu, alimwoa mwaka mmoja kabla ya ule mwiba. Msichana wa Kivinje mwenye meno meupe na kicheko cha karibu. Sikumpenda, nasema kweli ya Mungu. Tuliishi ua mmoja, salamu na basi. Kwa hiyo Bibi aliposema ni kafara la uchawi nililotegewa njiani, moyo wangu ulitaka kuamini. Nilichanjwa, nikafukizwa, nikaogeshwa majani ya kila jina, na mguu ukazidi kunenepa. Baba Mariamu akaanza kusahau zamu yangu. Harufu, alisema. Hakuniambia mimi, alimwambia mama yake, lakini kuta zetu ni za udongo na masikio yangu hayakuwa na ugonjwa.

Aliyenipeleka hospitali ni Somoe huyo huyo. Alikuja akakaa kizingitini, akaniambia, "Dada, watu wanasema nimekuroga. Twende hospitali. Kama ni mimi, hawataona kitu. Kama wakiona kitu, basi nipumzike."

Nikajitanda kanga. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara huria ndiyo inaanza. Wanunuzi binafsi wa ufuta walikuwa wameanza kuingia na malori yao mpaka vijijini, mitumba imejaa magulioni, na miji inafungua maduka ya dawa ya watu binafsi yenye rangi mbichi. Tukapanda lori la mnunuzi mmoja, mimi mbele kwa dereva, Somoe juu ya magunia, mpaka hospitali moja ya misheni ambayo sitaitaja jina.

Niseme kidogo kuhusu benchi, maana ukiugua ugonjwa huu utakaa sana kwenye benchi. La kwetu lilikuwa refu, limelainishwa na makalio ya watu. Mtu mmoja akiitwa ndani, wote mnasogea. Ukitoka kwenda haja, mwombe jirani aweke kanga yake mahali pako, la sivyo unaanza upya mwisho. Pale nilijifunza kumtambua mgeni: ndiye anayeuliza saa ngapi. Sisi wenyeji tulibeba mihogo ya kuchemsha na stahamala. Na kuna jambo la rehema nililipata hapo tu: hakuna aliyeutazama mguu wangu kwa kushangaa, kila mtu alikuwa na wake.

Daktari tulimwita Daktari Mrefu, Mmakonde wa huko uwandani, aliyeinamisha kichwa kila alipopita mlangoni. Aliuminya mguu, akaokota punje nyeusi kwa kibanio, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Nilichukia tabasamu lile. Akakata kipande kidogo cha nyama kipelekwe Dar kupimwa, na wakati tunangoja, akanianzishia sindano na vidonge vyeupe, kwa sababu, alisema, ugonjwa huu una ndugu wawili wanaofanana sura, na mmoja husikia dawa hizo. Nilidungwa sindano mpaka makalio yakawa magumu. Majibu yalichelewa mvua nzima ya vuli. Yalipokuja, akaniita.

"Mama Mariamu, huyu ni yule ndugu mwingine. Ni kuvu, fangasi, ila limeingia ndani ya nyama kwa njia ya mwiba. Sindano hazikulitisha."

Somoe akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji. "Shikamoo, Daktari. Kwa hiyo si uchawi?"

"Marahaba. Ni mwiba, mwanangu."

Akalia, nami nikamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

Daktari akatueleza njia zilizopo. Kuna dawa ya dripu, mpaka Dar, inatetemesha mwili na kuchosha figo, na kwa kuvu la mguu haina sifa njema. Kuna vidonge, vinaitwa ketokonazoli, mwaka mzima au zaidi, havimo kwenye dawa za serikali ila maduka mapya ya Dar yanavyo. Na kuna kisu, chini ya goti. "Tutaanza na vidonge," alisema. "Masika ikiisha na mguu haujasinyaa, tutakata. Kuvu hili likishaingia mfupani halibembelezwi."

Vidonge nilivipata kwa shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Baba Mariamu, machinga wa Kariakoo aliyetembeza saa na miwani ya jua. Alizunguka na lile jina kwenye karatasi mpaka akavipata, akawa anavituma ndani ya kopo la maziwa ya unga kwa kondakta wa basi. Barabara yenu ya lami mnayoipita leo haikuwepo. Mto Rufiji ukijaa, ndiyo basi. Hamisi alituma kopo kubwa kabla ya mvua, Mungu amlipe.

Na sasa ujinga wangu.

Vile vidonge vilinigeuza tumbo. Kiungulia kilipanda mpaka kooni, chakula kikapoteza ladha, nikawa natema mate mchana kutwa. Na mimi, tangu mimba ya Mariamu, nilikuwa mlaji wa udongo. Usinicheke! Mwanamke wa pwani hii asiyewahi kumung'unya udongo na anyooshe mkono nimwone. Baba Mariamu alikuwa amenikataza, kwa hiyo nilikula kwa siri. Somoe akanigundua. Badala ya kunisemea, akaanza kuniletea udongo wa kichuguu cha nyuma ya nyumba, ameukausha juu ya jiko mpaka unanukia, ameufunga pembeni mwa kanga. Nikimeza kidonge, natafuna kipande juu yake. Kiungulia kinazima papo hapo. Tulikaa pamoja jikoni tunatafuna kimyakimya, wake wenza wawili, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Nilidhani Mungu amenipa dawa ya kuvumilia dawa.

Masika ikaisha. Daktari akaupima mguu kwa utepe, akaupima tena. Ulikuwa umeongezeka. Vitundu vilikuwa vimefika karibu na kifundo.

"Dawa imeshindwa, mama," alisema. "Samahani sana."

Karatasi ya idhini ililetwa. Baba Mariamu alitia sahihi upesi mno. Nilimwona mkono, haukusita hata kidogo. Labda aliogopa, wanaume wakiogopa hufanya haraka, lakini siku ile nilihisi amenikata yeye kabla ya daktari.

Wakanilaza wodini. Mama mkwe akaja toka Tingi na kifurushi. Akakifungua kitandani kwangu: kipande cha bafta nyeupe, kipya, amekikata vizuri. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, huzikwa kwa heshima. Alikuwa ameniletea sanda ya mguu.

"Nimeshamwambia mchimbaji," alisema, kwa upole kweli, masikini. "Mguu utalala karibu na baba yako."

Nikautazama mguu, mguu ukanitazama. Bado una vidole vitano, bado una hina ya Idi kwenye kucha, na sanda yake iko pembeni. Wallahi sijawahi kuogopa kama siku ile. Wagonjwa wenzangu walisema, usimdanganye mtu wa nusu kaputi, ukimdanganya hutaamka. Kwa hiyo asubuhi ile Sista Agata, mtawa wa Kimwera mwenye mikono mipana, alipokuja na faili kuuliza nimekula nini, niliamua kusema yote.

"Tangu jana jioni sijala, Sista. Ila udongo."

"Udongo?"

"Leo asubuhi. Kipande kimoja. Viwili."

Akacheka. "Udongo nao chakula?" Akaandika. Kisha kalamu ikasimama. "Mama Mariamu, unakula kila siku?"

"Kila siku. Juu ya dawa, Sista. Kuituliza."

Aliondoka karibu anakimbia, na mtawa akikimbia wodi nzima hunyamaza. Daktari Mrefu akaja na joho la upasuaji, akagonga kichwa mlangoni, kwa mara ya kwanza hakukumbuka kuinama. Akaketi kitandani kwangu, juu ya ile bafta.

"Rudia."

Nikarudia. Akaniuliza tangu lini, kiasi gani, kabla au baada. Kisha akafunika uso kwa mikono, na nilipodhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili.

"Mama, vidonge hivi vinataka tumbo lenye uchachu. Bila uchachu haviyeyuki. Udongo unazima uchachu, halafu unavinasa vidonge usiviachie. Miezi yote hii umekinywesha dawa kichuguu. Mguu haujaionja."

"Hukunikataza, Daktari."

"Sikuuliza," alisema. "Hilo ni langu." Nilimheshimu sana kwa neno hilo. Akaitoa failini picha ya eksirei ya mfupa, akaitazama tena kwenye mwanga wa dirisha. "Mfupa bado haujaliwa. Ungekuwa umeliwa nisingengoja. Nakupa mpaka korosho zianze kuanguka. Kidonge baada ya chakula, na kitu kichachu juu yake. Ukila udongo hata wa kulamba, narudi na kisu."

Palepale wodini moto ukawaka. Baba Mariamu aliposikia udongo ulitoka wapi, alimgeukia Somoe mbele ya wagonjwa wote. Bibi naye akapaza sauti, "Nilisema mimi! Huu si uchawi wa usiku, ni wa mchana kweupe!" Somoe amejibanza ukutani.

"Leo hii unarudi kwenu Kivinje," Baba Mariamu akasema.

Mimi nilikuwa sijasimama bila gongo kwa miezi mitatu. Nikasimama.

"Akirudi Kivinje narudi naye. Udongo nimeula mimi. Mkono wangu, kinywa changu. Huyu ndiye aliyenileta hospitali mlipokuwa mnanifukiza majani. Na wewe uliyetia sahihi kama unapokea mzigo wa basi, kaa chini."

Akakaa. Wanawake wa wodini wakapiga vigelegele, mpaka Sista Agata akaja kutunyamazisha huku naye anacheka. Bibi alinuna wiki mbili. Sikujali, nilikuwa na mguu.

Tukaanza upya. Somoe alijigeuza askari. Kila mchana baada ya ugali aliloweka ukwaju, akauchuja, akanikabidhi kikombe na vidonge, akakaa mbele yangu mpaka nimeze na kufungua kinywa akague. Na unajua alichujia nini? Ile bafta. Aliifua, akaikata vipande, akachujia ukwaju sanda ya mguu wangu mpaka ikawa kahawia. Bibi alipoiona alishika kichwa, kisha akacheka mwenyewe hadi machozi, na kesho yake akatuletea kapu la ukwaju.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kiungulia kilirudi na hasira zake. Nywele zilinyonyoka, ngozi ikawa kavu, kanga zikanipwaya. Sista alinifundisha kutazama mkojo na weupe wa macho, kwa sababu dawa hii huweza kuliumiza ini, na kila nilipokwenda walinitoa damu kupima. Mara moja macho yaliingia umanjano, nikasimamishwa dawa wiki kadhaa, nikaona kaburi la mguu linafunguka tena. Ini likatulia, nikaanza tena polepole. Kwa hiyo usinunue vidonge hivi dukani ukajitibu mwenyewe, tafadhali. Na hamu ya udongo! Manyunyu ya kiangazi yalipogusa ardhi kavu, ile harufu ilinitoa machozi. Nilikaa mlangoni nimeshika fremu kwa mikono miwili. Somoe akaja akakaa nami. Yeye naye alikuwa ameacha, kunisindikiza, na hakuniambia mpaka siku hiyo.

"Dada, tukimaliza hili," alisema, "hata mama yangu hataniamini nikimwambia nimeacha udongo."

Kila Ijumaa aliuzungusha mguu wangu kwa ukindu, ule wa kusukia mikeka, akakata panapokutana. Mwanzoni vipande vilikuwa sawa, Ijumaa baada ya Ijumaa, nikawa sitaki kuvitazama. Kisha siku moja akavipanga sakafuni na kimoja kikawa kifupi. Kidogo tu, upana wa ukucha. Tukabishana kama amevuta sana. Ijumaa iliyofuata kikawa kifupi zaidi. Kitundu cha kwanza kikakauka, cha pili kikafunga, na zile punje nyeusi zikapungua mpaka tukawa tunazitafuta kwenye kitambaa tusizione. Somoe alitoka uani akapiga kelele kwa jirani kwamba mguu unapona, na jirani akaja mbio akidhani pana nyoka.

Baba Mariamu alirudi kwenye zamu yangu jioni moja, amebeba ukwaju ndani ya kofia yake. Nilimwacha asimame mlangoni kidogo.

"Nilikosa," alisema. "Niliogopa, Mama Mariamu."

"Najua," nikamwambia. "Hata mimi. Ila sikutia sahihi." Kisha nikampisha aingie.

Korosho zilipoanza kuanguka tulikwenda kwa Daktari Mrefu. Akaupima mguu, akatazama faili, akamwita Sista Agata. "Mguu huu ni wa nani? Mmenibadilishia mgonjwa." Mwaka uliofuata aliniingiza kweli chumba cha upasuaji, lakini kutoa lile donge lililobaki, limesinyaa, limejitenga na nyama, akalitoa zima. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilivuta shuka. Vidole vitano. Niliposema alhamdulillahi, Sista naye alifanya ishara ya msalaba, tukashukuru kila mtu kwa mlango wake. Vidonge niliendelea navyo mpaka ufuta ukavunwa tena, kwa kuwa kuvu hili ni lenye kinyongo, ukiliachia mzizi linarudi.

Ziara yangu ya mwisho, Daktari aliniambia nimeachiwa, nisirudi isipokuwa kumsalimu. Kisha akanituma wodi ya wanaume. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi, wa kijiji cha Sudi, mguu wake kama ulivyokuwa wangu, na alikuwa amekataa vidonge, amegeukia ukuta, anataka arudishwe akafie kwake. Wanawe wawili wamekaa chini wamechoka kubembeleza, na Sista Agata amesimama kando.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Na wewe umetumwa?"

"Nimetumwa. Mimi nilikuwa na huo mguu wako."

"Walikukatia wapi?"

Nikavua ndala, nikapandisha kanga, nikauweka mguu wangu wa kushoto juu ya kitanda chake, karibu na uso. Akageuka kwa hasira, na hasira ikakwama. Akaushika. Akaminya unyayo, akaminya kisigino, akapitisha kidole juu ya kovu mwanzo hadi mwisho, akavihesabu vidole kimoja kimoja kwa sauti. Alipofika cha tano akaurudia wote upya, maana hakuamini. Kisha akaniomba niusimamie mguu wenyewe, bila kushika kitu. Nikasimama kwa mguu huo mmoja, katikati ya wodi ya wanaume, mwanamke mzima, na sikutikisika.

Mzee akajiinua, akakaa. "Sista," akasema, "vile vidonge viko wapi?"